Jina la Kisigino

King'ora kilikuwa kinalia kwa nguvu zake zote, na Hidaya Shemweta hakukisikia hata kidogo.

Alisimama nje ya mstari wa nguzo za maonyesho pamoja na waandishi wa habari na wajumbe wa Baraza la Mazingira, wote wamekodoa macho kama watu wanaotazama mazingaombwe. Ndani ya mstari, hatua chache tu kutoka walipo, Injinia Luhende alikuwa kando ya king'ora cha gari la zimamoto, vidole masikioni, uso umekunjamana kwa adha. Nje palisikika ndege, na mjumbe mmoja mwenye kikohozi. Kisha Luhende akavuka mstari, akatoa vidole masikioni na kucheka.

"Mabibi na mabwana, hilo ndilo Pazia. Wageni watapiga mayowe humo ndani mpaka wakaukiwe na koo. Bembea za angani, ukumbi wa dansi, mbio za magari. Jirani yeye atakuwa amelala zake fofofo."

Makofi yakapigwa. Hidaya naye akapiga. Ndiye aliyekuwa mpimaji mkuu wa sauti na mitetemo wa mradi huo wa starehe, na kusema kweli alikuwa anaona fahari. Nguzo za Pazia ziliinasa sauti hewani, zikaigeuza kuwa mtikisiko, zikaushusha ardhini kwa vyuma virefu. Sauti haifi, inahamishwa tu. Kila mhandisi alilijua hilo na hakuna aliyelitia kwenye hotuba, maana sheria ya kelele iliandikwa kwa ajili ya masikio, na sheria ya mitetemo iliandikwa kwa ajili ya kuta. Ukuta usipopata ufa, hakuna aliyedhurika.

Kokoto ilikuwa inamsumbua kiatuni. Akainama, akakivua kiatu, na mguu mtupu ukagusa majani. Ardhi ilikuwa inatetema. Haikuwa kwa nguvu ya kutisha; ilikuwa kama friji kuukuu ukiliegemea. Lakini ilipanda mguuni mpaka gotini na haikukoma. Hidaya akavaa kiatu upesi, akamtazama Luhende, ambaye alikuwa anapiga picha na wajumbe.

Ng'ambo ya bonde, kwenye mteremko wa pili, mabati ya Kwembizi yalikuwa yanametameta juani. Kwembizi ni kijiji cha viziwi. Zamani palikuwa na shule yao ya bweni; shule ilipofungwa, wengi hawakurudi makwao. Wakaoana, wakajenga nyumba za mbao za mvinje, wakazaa. Kampuni iliuchagua mlima huu kwa sababu hiyo hiyo, na Luhende hakuwahi kuona haya kulisema ofisini. "Kelele kwa viziwi, Hidaya! Hata hilo Pazia lenyewe ni anasa." Siku hiyo Hidaya alitabasamu. Baadaye alilikumbuka tabasamu lile na likamuuma.

*

Wiki kadhaa kabla ya maonyesho, mafundi walikuwa wamechomeka Kwembizi vijiti vya chuma vinavyosikiliza ardhi. Waliviita mizizi. Mwongozo unataka mizizi ikae karibu kabisa na msingi wa nyumba, nao wakaiweka hapo hapo, wakaondoka. Kazi yake ni kupima hali ya awali, yaani mtikisiko uliopo kabla mradi haujaja. Ukishajua hali ya awali, unaongeza ule wa mradi, unaona tofauti. Tofauti ikiwa ndogo, kibali kinatoka.

Tofauti ya Kwembizi ilikuwa ndogo mno. Ardhi ya kijiji kile haikutulia tangu alfajiri mpaka watu walipolala. Chujio la kompyuta lilikuwa limeyaweka yote fungu moja na kulibandika jina: shughuli za kawaida za binadamu.

"Wanafanya nini hawa?" Hidaya aliuliza.

"Wanatwanga," alijibu Luhende bila kuinua macho kwenye simu.

"Kutwa nzima?"

"Dada yangu, hali ya awali ikiwa juu wewe unalalamika nini? Hiyo ni neema. Weka saini twende tukale."

Hidaya hakuweka saini. Msije mkadhani ulikuwa ushujaa. Ilimkera tu, kama mtu anavyokerwa na picha iliyoning'inia upande. Mchi una mwendo wake, na huu haukuwa mwendo wa mchi. Mzizi wa nyumba ya juu ungedunda mara chache, ukanyamaza. Kisha wa nyumba ya chini ungedunda. Ukanyamaza. Halafu wa juu tena, kwa haraka zaidi, kama mtu aliyeudhika.

*

Stumai alimpokea kwenye kituo cha mabasi cha chini. Alikuwa mwanamke mchangamfu, mwenye kusikia, aliyeolewa Kwembizi, na ndiye mkalimani wa kila mgeni aliyepanda kule.

"Ukifika kwa mama mkwe usibishe hodi kwa mkono," alimwambia njiani. "Na viatu utaviacha kwenye majani. Tena sikia, dada: ukimkuta baba mkwe, usimguse kabla hujajitambulisha sakafuni. Haoni. Alipofuka ukubwani, miaka ya karibuni tu. Mtu asiyesikia wala kuona, ukimshika ghafla ni kama umemdondokea kutoka mbinguni."

Nyumba ilikuwa ya mbao tupu, sakafu imeinuliwa juu ya nguzo fupi, mbao zimesuguliwa na nyayo mpaka zikawa laini. Bi Namvua alikuwa mlangoni, mfupi, kilemba cha njano, mikono ikizungumza kabla mgeni hajafika. Hidaya aliamkia kwa alama aliyofundishwa njiani, na yule bibi akacheka.

"Anasema shikamoo yako ina lafudhi," Stumai alitafsiri. "Anasema marahaba."

Kwanza alipewa jina. Kila anayekanyaga sakafu ya Kwembizi hupewa la kwake: Namvua alimtazama Hidaya akitembea, akaona anavyouburuta mguu wa kushoto, akampigia chini midundo miwili mifupi na mkwaruzo mmoja. Huyo ndiye wewe, alisema. Ndani, kwenye kiti cha kamba, mzee mrefu aligeuza kichwa. Hidaya akajipiga, ta-ta, mkwaruzo, na Mzee Mbelwa akafungua uso wote kwa tabasamu, akajibu kwa unyayo.

"Anakukaribisha. Anauliza kwa nini una wasiwasi."

"Amejuaje?"

"Umesimama kwa vidole," alisema Stumai.

Ndipo Hidaya alipoelewa. Wale hawakuwa wanatwanga. Walikuwa wanaongea. Wanaitana chakula, wanagombana, wanaulizana mvua, nyumba kwa nyumba kupitia nguzo na udongo. Na yeye, mtaalamu, alikuwa amechukua mazungumzo ya kijiji kizima akayaandika kuwa kelele, kisha akayatumia kuthibitisha kwamba kelele za ziada hazitawadhuru.

Aliwauliza kuhusu bangili za kutetema ambazo kampuni iliahidi kumgawia kila mtu. Namvua akaangua kicheko, akaenda kuitoa moja chini ya kitanda; ile ya sampuli. Mbelwa alijibu kwa miguu, taratibu, na mkewe akageuza kwa mikono, na Stumai akamalizia kwa mdomo.

"Bangili inaniambia kuna mtu. Sakafu inaniambia ni nani, yupo wapi, na kama amenuna. Wenzangu wana macho, wana taa za kuwakawaka, watazoea. Mimi nina mbao hizi tu."

Lilikuwepo jambo moja zaidi, nalo Stumai alilieleza wakati wanateremka, kwa aibu kidogo. Kijiji kizima kinajua majina ya nje, yanayopigwa kwa unyayo mzima. Lakini watu wakioana, kila mmoja humtungia mwenzake jina la ndani. Hilo hupigwa kwa kisigino, polepole, kiasi cha kupita kwenye mbao za nyumba hiyo na kuishia hapo. "La mama mkwe silijui," alisema Stumai, "na miaka yote hii nimekaa nao; kisigino kikianza tu, sisi wengine tunashuka kwenye majani. Hata mume wangu, mtoto wao wa kumzaa, halijui."

Hidaya aligeuka akaitazama nyumba. Mzizi wa chuma ulikuwa umechomekwa kando kabisa ya nguzo ya chumba cha wazee wale. Na mzizi ulikuwa na masikio kuliko kijiji kizima.

*

Jaribio la mwisho lilifanyika mchana, kwa mashine iliyoitwa mtetemeshi. Ilitolewa kwenye lori, ikakazwa ardhini pale nguzo za kudumu zitakapokuwa, na kazi yake ilikuwa kuigiza kiwanja kilichojaa watu sikukuu. Hidaya aliomba awe ndani ya nyumba ya Namvua wakati inawashwa. Luhende akakubali. Alidhani amekwenda kukagua nyufa.

Mtikisiko ulikuja kwa upole. Vikombe havikulia. Kuta zilisimama. Kwa kipimo cha sheria lilikuwa jaribio zuri kuliko yote aliyowahi kuyasimamia.

Mbelwa aliinua uso. Akapiga chini kwa kisigino, akasubiri. Namvua, aliyekuwa jikoni, alikuja mbio akamjibu akiwa amesimama hatua mbili mbele yake. Mzee akapiga tena. Hakuwa amepata kitu. Mbao zote zilikuwa zimejaa mngurumo, na jibu la mkewe lilizama humo. Namvua akapiga kwa miguu miwili, akapiga kwa mchi, akapiga kwa kiti. Mbelwa alianza kuhema. Kisigino kilikuwa kinarudia jambo lile lile bila kupumzika, na Hidaya, ambaye hakujua neno hata moja, alijua ni nini. Lilikuwa jina. Alikuwa anamwita mkewe, na kwa akili yake mkewe hayupo, nyumba haipo, hakuna mtu duniani.

Namvua akavunja mwiko, akamshika mkono.

Mzee alipiga ukelele, akarusha ngumi. Ilimpata mkewe mdomoni. Kisha vidole vyake vikagusa kilemba, vikaufahamu uso, vikakuta damu, na yule mzee akaporomoka magotini akilia kwa sauti nene ambayo yeye mwenyewe hakuisikia.

"Zimeni!" Hidaya alifoka kwenye simu ya upepo. "Zimeni hiyo mashine!"

*

"Mzee kumpiga mkewe ni suala la ustawi wa jamii," alisema Luhende. "Si la mitetemo."

"Injinia, mdomo wa bibi wa watu umepasuka. Nilikuwepo."

"Na mimi nasikitika. Kweli kabisa. Lakini Baraza litakuuliza kifungu, Hidaya. Una kifungu?"

Kifungu kilikuwepo, na hapo ndipo penye kichekesho kisichochekesha. Miaka ya nyuma, Mfasiri, programu ile ile inayotumika kila ofisi, iliundwa kwanza kwa ajili ya kusoma ngurumo ambazo tembo hutumiana ardhini. Watunga sheria wakawalinda tembo: mtikisiko wowote ambao Mfasiri ataupatia maana utahesabiwa kuwa ni mawasiliano, na hakuna ruhusa ya kuuvuruga. Binadamu hakutajwa, lakini hakukatazwa. Masharti yalikuwa mawili. Rekodi iwe ya kabla ya mgogoro, ili mtu asije akaigiza. Na maana iwekwe wazi mbele ya Baraza.

Mazungumzo ya nje yalikuwa yamechanganyikana nyumba kwa nyumba; kwa hiyo alihitaji rekodi za chumba cha wazee. Mbelwa hakuwa anatoka tena nje; maneno yake yote yalikuwa ya ndani. Na Mfasiri alihitaji kitu kinachojirudia mno, chenye kuitwa na kuitikiwa, ndipo athubutu kusema kina maana. Katika rekodi zile kilikuwepo kimoja tu: jina la ndani.

Hidaya alikaa mbele ya kompyuta mkono ukiwa juu ya kitufe. Akijua fika kwamba angepaswa kwenda kuuliza kwanza, alibonyeza. Alijidanganya kuwa anataka kuhakikisha tu.

Mfasiri alisoma haraka. Ulikuwepo mdundo wa kisigino, mmoja mrefu, mitatu midogo iliyofuatana, na mwingine uliokaribia kutopigwa. Kila ulipotokea, hatua za mtu mwepesi zilisogea kuufuata. Asubuhi, ukitafuta chai. Jioni, bila kutafuta chochote. Mfasiri akaendelea kusoma na yaliyofuata, maana hana adabu, na Hidaya akasoma mstari mmoja ambao mume alimwambia mkewe baada ya kumwita. Akaifunga kompyuta, akajishika kichwa. Alijisikia kama mtu aliyekutwa amechungulia dirishani, na hakuna aliyemkuta.

*

Alimweleza Namvua kila kitu, kwa sababu asingeweza kumtazama usoni vinginevyo. Kwamba wakilitoa jina, kibali kinaweza kuzuiwa. Wasipolitoa, nguzo zitajengwa. Kwamba kikao ni cha wazi, kinarushwa hewani, na litakalopigwa mle litajulikana na wote. Na kwamba yeye tayari amelisikia.

Stumai alisita kutafsiri hilo la mwisho. Hidaya akamwambia atafsiri.

Kidonda cha mdomo wa Namvua kilikuwa bado hakijapona vizuri. Alipoanza, alama zake zilikuwa fupi fupi.

"Anasema: kwa hiyo tumekuwa watatu."

"Nisamehe, mama."

"Anasema msamaha utaongelewa siku nyingine. Jina ni lake, lakini aliyelitunga ni mzee. Ataulizwa yeye."

Akaingia ndani. Hidaya aliziondoa nyayo zake sakafuni, akakaa ngazini, miguu kwenye majani, ili asipate chochote cha mashauri yale. Yalichukua muda mrefu. Namvua alipotoka, macho yalikuwa mekundu.

"Mzee anasema wapeni," Stumai alitafsiri. "Anasema sakafu ikifa, hilo jina atalipigia wapi?"

*

Ukumbi wa Baraza ulikuwa na jukwaa la mbao, na mwenyekiti, mama mmoja mpole mwenye miwani, aliruhusu rekodi ipigwe kwenye mbao hizo. Namvua alisimama katikati bila viatu, amevaa gauni lake la harusi za watu. Watu wa Kwembizi walijaa mstari wa mbele, nyayo zimegusa mbao.

Mmoja mrefu. Mitatu midogo. Na ule wa mwisho, uliokaribia kutopigwa.

Mashine ikaandika ukutani: mume anamwita mke. Uhakika wa hali ya juu. Watu wa Kwembizi hawakutazama ukuta. Waliinamisha vichwa wote kwa pamoja, kama watu waliofunguliwa mlango wa chumba kisichokuwa chao. Namvua hakuinama.

Nyuma ya ukumbi kijana mmoja mwandishi wa habari, bila nia mbaya hata chembe, alijaribu kuurudia mdundo ule kwa soli ya kiatu. Jirani yake akacheka, akamsahihisha.

Baraza lilikataa kibali kwa mlima ule wote. Luhende alifunga begi lake, akapita karibu na Hidaya. "Umeshinda," alisema bila hasira. "Sijui ni nani atakupa kazi, lakini umeshinda." Hidaya alikuwa ameshaanza kuwapenya watu. Alikuwa anamtafuta Namvua, naye Namvua alikuwa ameshatoka nje.

*

Alipanda Kwembizi baadaye kidogo, kwenda kuing'oa mizizi. Kwenye kituo cha mabasi wanafunzi waliosubiri gari walikuwa wanacheza mchezo wa kupokezana midundo kwa visigino. Mmoja mrefu, mitatu midogo. Mdundo ulikuwa umezunguka nchi nzima kwenye simu za watu, umewekewa muziki. Hidaya alipita haraka kama mtu aliyesikia anatukanwa.

Aliuvuta mzizi wa chumba cha wazee kwa mikono yake mwenyewe, akaufuta udongo. Stumai alikuwa anaanua nguo.

"Wanaendeleaje?"

"Wazima. Sakafu iko kama zamani. Ila mama mkwe siku hizi baba akimwita kwa lile, haendi. Si kwamba amesusa. Anasema miguu inagoma. Anasema ni kama kuitwa sokoni." Stumai alikunja kanga, akaikunjua, akaikunja upya. "Kwa hiyo baba anamtafutia jingine. Umri ule! Kila siku anajaribu, na mama anakataa. Hili linafanana na la fulani, hili ni zito."

Hidaya alivua viatu, akapanda ngazi, akajipiga mlangoni: ta-ta, mkwaruzo. Kutoka ndani unyayo mzima ulimkaribisha. Namvua alitokea na kumshika mkono, na mkono ulikuwa wa moto na wa kweli, ingawa macho yalikawia kidogo kumfikia. Alimwonyesha kiti, akaenda kuchukua chai.

Basi Hidaya akiwa bado amesimama, kisigino cha Mbelwa kikagusa ubao. Polepole. Mdundo wa kwanza ukampanda Hidaya mguuni, mpya kabisa, haujawahi kuwa wa mtu yeyote. Jikoni, kikombe kikawekwa chini ghafla.

Hidaya akaruka. Hakuchagua pa kutua. Aliruka tu kutoka mlangoni akazipita ngazi zote, akaanguka kwenye majani kwa magoti na viganja. Alipoinuka alisogea mbele zaidi, mpaka kwenye udongo laini wa shamba la viazi usiopitisha kitu, akasimama humo bila viatu, chai yake ikipoa jikoni.